Mbao Nne Ndani ya Oveni

Mume wangu Mbwana anataka mwerezi.
Aliunusa pale yadi ya mbao ya Bi Kerttu,
akasimama katikati ya theluji ya Thunder Bay
akavuta pumzi kama mtu aliyefika kwao.
Mwekundu, laini, na tena, akasema, hauliwi na mchwa.
Mchwa gani, nikamuuliza,
atakayeishi hapa?

Bi Kerttu hakucheka. Alitukatia vipande vinne,
kila kimoja urefu wa shibiri,
akaviandika majina kwa kalamu ya risasi.
Ubao wa sauna, alituambia, msiununue kwa macho.
Nunueni kwa ngozi.

Basi Jumapili, nje nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
niliwasha oveni hadi tisini
nikavipanga kwenye trei ya keki:
mwerezi, msonobari, mwaloni, aspeni.
Nusu saa. Mbwana akichungulia kioo
kana kwamba tunaoka mkate.

Mwaloni niliuchagua mimi.
Mimi ni binti wa fundi Shebughe,
aliyepima ubao kwa kuuangusha sakafuni:
ukilia ngo, ni mti; ukilia pwa, ni kuni.
Kitanda chake cha mninga kilibebwa na wanaume wanne
na kililaza vizazi vitatu bila kulia hata usiku mmoja.
Uzito ndio ukweli, alitufunza.
Chepesi hupeperuka.

Nikauweka ndani ya mkono,
pale mama apimapo uji wa mtoto.
Nikauachia. Ukaanguka, ukalia ngo,
ukaniachia alama nyekundu ya upana wa kidole gumba.
Baba, mti wako umeniuma.
Umeshika moto wote uliopewa,
haukusamehe hata chembe.

Msonobari nao ulikuwa na fundo,
na fundo likatoa chozi la ulimbo,
zito, rangi ya asali, likachemka kwenye trei.
Nani akalie jicho linalolia?

Mwerezi ulikuwa mpole. Nakiri.
Jiko zima lilinukia sanduku la nguo za bibi arusi.
Lakini Mbwana alianza kukohoa,
kwanza kwa adabu, ngumi mdomoni,
kisha akiitafuta pampu yake mfuko hadi mfuko,
kisha ameketi kwenye ngazi ya nyuma, mlango wazi,
baridi ikitembea nyumba nzima kama mgeni asiyevua viatu,
na bado anasema, kati ya pumzi mbili:
"Si mwerezi. Ni… vumbi la oveni."

Mtu hukitetea kinachomkaba.

Ukabaki aspeni.
Mweupe kama uji wa mgonjwa, hauna harufu, hauna hadithi.
Mti unaojiotea nyuma ya karakana yetu,
ambao majira ya joto majani yake hutetemeka
hata upepo ukiwa umelala;
jirani huuhesabu pamoja na magugu.
Nilipoutoa ulikuwa vuguvugu tu,
kama kiganja cha mtu aliyeamka sasa hivi.
Nikaubana mkononi, nikahesabu hadi ishirini.
Moto umepita humo
na haukuwekwa kinyongo.

Tutajenga mwezi wa tano, ardhi ikilegea.
Benchi mbili, moja juu ya nyingine,
misumari izamishwe isiguse mgongo,
pasiwe na fundo mahali pa kukalia,
wala vanishi: ubao nao upumue.

Mwaloni nimeufanya kizuizi cha mlango.
Hakuna upepo wa ziwa utakaousogeza,
na nikiupita huugusa kwa kidole cha mguu,
shikamoo ya kimyakimya.

Kipande cha mwerezi Mbwana amekificha,
anadhani sijui, ndani ya droo ya soksi.
Asubuhi huivuta droo kidogo,
ananusa mara moja tu,
anafunga.